Mtego wa paka wenye milango miwili: nyota nne, ya tano nimeizuia

Wenye haraka niwape kwanza. Nunueni huu wenye mlango wa nyuma, msiuchukue ule wa mlango mmoja hata kama kwenye picha wanaonekana mapacha. Kifuniko cha nailoni wanachokupa bure kipelekeni kwenye kufutia baiskeli. Na kama paka mnayemtaka ni jike anayenyonyesha, msitege chochote kabla hamjafika sehemu yake huku chini. Wengine tukae kitako.

Mimi ni fundi cherehani. Mchana nashona, jioni nakisaidia kituo kidogo kinachookota paka na mbwa wasio na kwao, kinawatibu, kinawahasi, na wanaofaa kuishi na watu kinawatafutia watu. Kazi ya kunasa paka iliniangukia kwa sababu sina papara na usingizi wangu ni wa kuchelewa. Mitego ya namna hii nimeishika mingi, mingine ya kuazima, mingine ya kuungaunga kwa waya, na huu ndio kituo kilinunua ukiwa mpya.

Wenyewe ni kizimba cha wavu wa chuma kilichopakwa zinki, urefu sentimita 82, upana 30 na kimo 30. Ndani kuna kibao. Paka akikikanyaga, komeo linaachia na mlango wa mbele unashuka. Nyuma kuna mlango wa pili unaovutwa kwenda juu. Juu kuna mpini, na chini ya mpini wamepigilia kipande cha bati. Hakuna umeme wala betri, wala kitu cha kupakua kwenye simu, na kwa hilo peke yake nawashukuru.

Nianze na kinachofaa. Matundu ya wavu ni madogo, hata kidole changu cha mwisho kinapita kwa taabu. Hili linaonekana dogo hadi uone paka aliyenaswa kwenye wavu wa matundu mapana. Mlango ukishuka, paka hatulii afikirie. Anajirusha mbele, nyuma, juu, anaingiza pua kwenye tundu na kusukuma kwa nguvu zote. Wavu mpana unamchubua pua hadi damu, na kucha zinang'oka. Katika huu, pua haipati pa kuingia, kwa hiyo anagonga bapa tu. Sisemi wote wametoka bila mchubuko, lakini tofauti ipo na daktari wetu wa mifugo ameiona kabla sijamwambia.

Lile bati chini ya mpini nalo lisidharauliwe. Ukibeba mtego, mkono wako uko sentimita chache juu ya mnyama mwenye hofu. Wako paka wanaotoa mguu kwenye wavu na kukuchana, na wako wanaouma. Jino la paka ni jembamba na refu: linadunga uchafu ndani ya nyama, kidonda kinajifunga juu na usaha unabaki chini. Ukiumwa, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, uhesabu kwa saa, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa jina lake tu ni la mbwa, paka naye anakibeba. Anayefanya kazi hii kila wiki apate chanjo kabla hajaumwa. Glavu za ngozi nene mimi sizivai wakati wa kubeba, zinaninyima kuhisi komeo kwa vidole. Bati lile linanitosha.

Sasa mlango wa nyuma, ambao ndio sababu ya nyota tatu kati ya hizo nne.

Mtego wa mlango mmoja unakunasia paka halafu unakuachia mtihani: anatokaje? Utauinamisha adondoke? Utaingiza mkono? Kwenye huu, unaukutanisha mgongo kwa mdomo na kizimba kingine, unakifunika kile kingine kiwe giza, unaufunua mtego uwe na mwanga, kisha unainua milango yote miwili. Paka mwenyewe anakimbilia giza. Haimchukui sekunde kumi, na hakuna aliyemgusa mwenzake. Wa kwanza niliyemhamisha hivi alipita kasi kiasi kwamba niliendelea kuinama nikimtafuta ndani ya mtego ulio mtupu.

Kwa daktari mlango huo una kazi nyingine. Kuna kifaa tunachokiita uma, chenye meno marefu yanayopita katikati ya wavu na kukigawa kizimba vipande viwili. Unamsogeza paka taratibu hadi abanane upande mmoja, na daktari anamchoma sindano ya nusukaputi kupitia wavuni. Uma huohuo unakuwezesha kufungua nyuma na kumwekea maji huku yeye akiwa upande wa pili. Mtego hauji na uma. Unauzwa peke yake, na kwenye maelezo ya bidhaa hawautaji popote. Hapo ndipo nilipoanza kuizuia ile nyota ya tano.

Kibao ndicho kilichonimalizia. Ni kifupi, na springi yake ni nzito. Shume lenye mwili mrefu linasimama mbele ya kibao, linanyoosha shingo juu yake, linakula chambo chote na kurudi kinyumenyume likijilamba. Mtoto wa paka wa miezi minne, ambaye ndiye hasa ninayemtaka kwa sababu umri huo jike anaweza kukaribia kushika mimba, anakanyaga kibao na hakishuki. Dawa yake ni kadibodi. Nimebandika kipande juu ya kibao kikitokeza kwenda nyuma kwa upana wa vidole vinne, hivyo anayenyoosha shingo lazima mguu mmoja utue juu yake. Juu ya kadibodi natandaza gazeti kutoka mlangoni hadi mwisho, kwa kuwa paka hawapendi kukanyaga waya. Ukifanya hivyo, jaribu mtego mara mbili tatu kwa kubonyeza na fimbo kabla ya kuuacha, maana kadibodi ikikwama ukingoni umeweka meza ya chakula tu.

Kelele. Mlango ukishuka chuma kwa chuma, paka wengine wote waliokuwa wakisubiri zamu wanatoweka, na usiku huo umekwisha. Nimebandika utepe wa kitambaa kizito kwenye kizingiti cha chini, unene wa shilingi tu. Sauti imepungua zaidi ya nusu. Usizidishe unene, kwani kile chuma cha kufungia mlango lazima kiangukie mahali pake. Kisipofunga, paka mwenye nguvu anauinua mlango kwa kichwa.

Na kifuniko. Hapa nazungumza kama mtu mwenye cherehani. Wamekupa nailoni nyembamba isiyo na mikunjo ya mbele wala ya nyuma, inayochakarika upepo ukipita. Aliyeibuni hajawahi kukaa gizani akisubiri paka mwoga. Kifuniko ndicho kinachomtuliza mnyama, na ukitaka kuamini, tazama kabla na baada. Nilimnasa dume moja la rangi ya chungwa, mashavu mapana ya madume yasiyohasiwa, sikio moja limeraruliwa zamani. Mlango uliposhuka alizunguka ndani akigonga pande zote, gazeti likawa vipande, akakojoa, akaachia sauti nzito ya kooni isiyokatika. Nilimfunika mbele kwanza, kisha ubavu wa kushoto, wa kulia, nyuma mwisho. Kabla sijamaliza kufunga tepe alikuwa amenyamaza. Nikaweka sikio karibu: pumzi za haraka, kisha za taratibu, kisha mlio mdogo wa ulimi kwenye manyoya. Alikuwa anajisafisha. Hapo ndipo unaweza kumbeba.

Kifuniko changu nakiita foronya. Ni pamba nzito ya rangi ya kiza, ina pazia mbele na nyuma yanayofunguka kila moja peke yake, na haitoi sauti. Vipimo nitavitoa mwisho kwa wanaoshona.

Mtego huu, kama mtego mwingine wowote, hauwezi kushindana na sahani iliyojaa pembeni. Paka wa mtaani karibu wote wana mtu anayewalisha, na mtu huyo ndiye wa kuongea naye kabla ya kubeba chuma. Mmoja wa walishaji tunaofanya nao kazi ni mzee anayelinda ghala usiku. Nilimwomba, "Baba, kesho naomba usiwape chochote, maji tu."

"Wakilala njaa, mwanangu, nitalala mimi?"

"Watakula kwangu, humo ndani ya mtego."

Akafikiri. "Basi niache mimi niweke hicho chakula. Mkono wako hawaujui."

Alikuwa sahihi. Chakula kilekile, kilichowekwa na yule waliyemzoea, kiliwaingiza mapema kuliko samaki wa kopo wa kwangu wenye harufu ya kufika mbali. Kwa hiyo: saa 24 bila chakula kwa wakubwa, maji yawepo, chambo kikae nyuma kabisa baada ya kibao, na kiwe juu ya kadibodi au jani. Bakuli la bati au kopo lenye ukingo mkali msiweke, paka akijirusha ndani linamkata. Halafu kaeni pale pale. Mtego uliotegwa na kuachwa usiku kucha ni mnyama aliyefungiwa nje kwenye mvua na mbwa wanaopita, na mimi yeyote anayeniambia ametega akaenda kulala simwazimi tena.

Jike anayenyonyesha. Kabla ya kutega, mtazame kwa mbali anapolala ubavu au kujinyoosha: chuchu zimechomoza na manyoya yanayozizunguka yamelainika au kukatika. Ukimwona hivyo, mahali fulani kuna watoto wanaomsubiri. Kituo chetu kinapenda tuwatafute watoto kwanza. Wakiwa kati ya wiki mbili na saba ndio wanaozoea mikono ya watu kwa urahisi, na hao ndio wanaopata nyumba bila shida. Wakipita miezi miwili au mitatu porini kila wiki inayoongezeka inakuwa kazi. Watoto wakipatikana, mlango wa nyuma unatoa huduma nyingine ambayo muuzaji hakuifikiria. Unawaweka watoto kwenye kikapu chao cha kubebea kilichofungwa salama, unakiegemeza nyuma ya mtego, unafunika vyote viwili kwa shuka moja iwe njia moja ya giza. Mama akisikia sauti anaingia mwenyewe. Sijawahi kuhitaji chambo kwa kazi hiyo.

Na kama amenaswa wewe hujui watoto wako wapi, usimwachie ukidhani umemfanyia hisani, huenda asiingie mtegoni tena maisha yake yote. Mpigie daktari. Kutolewa kizazi hakukaushi maziwa. Anaweza kufanyiwa asubuhi, akazinduka vizuri, akarudishwa alipotoka jioni hiyohiyo, na watoto wakaendelea kunyonya. Ukimwacha aende "akamalize kulea kwanza", kumbuka paka anaweza kushika mimba nyingine huku bado ananyonyesha, na mimba yenyewe ni miezi miwili tu na siku chache.

Mtego huu haufai kwa shume lililokwisha kuona wenzake wakinaswa. Hilo linakaa mita tano, linautazama mlango, linakutazama wewe. Njia ni kuuacha mlango wa mbele wazi bila kuutega na kumlisha humo kwa muda, siku baada ya siku, chakula kikisogea ndani kidogo kidogo. Ajabu ni kwamba mtego hauna ndoano ya kuushikilia mlango wazi bila kuutega, inabidi uufunge kwa waya. Kitu cha kugharimu karibu na bure kiwandani, na hawakukiweka. Lisipoingia hata hivyo, azimeni mtego wa kudondoka: fremu pana yenye wavu, ukingo mmoja umeinuliwa kwa kijiti chenye kamba ndefu, na wewe ndiye unayevuta. Ule unachagua nani wa kunaswa. Huu wetu unamnasa yeyote anayekanyaga, pamoja na yule uliyemhasi mwezi uliopita na ambaye sasa ameujua kuwa ni hoteli.

Huyo wa mwezi uliopita unamtambua kwa sikio. Akiwa bado kwenye nusukaputi, daktari anakata ncha ya sikio moja, aghalabu la kushoto, mstari ulionyooka wa kama sentimita moja. Ukimulika tochi ukaona sikio lililokatwa ncha hivyo, fungua mlango aende. Hili la kunasa, kuhasi, kuchanja na kurudisha si jambo la jana. Uingereza lilisukumwa na watu akina Celia Hammond, mwanamitindo wa miaka ya 1960 aliyeziacha kamera akaenda kutambaa kwenye viwanja vya ujenzi akitafuta paka, na Marekani shirika la Alley Cat Allies limelishikilia tangu 1990. Nalitaja kwa sababu muuzaji ameandika kwenye boksi, kwa herufi kubwa, kwamba mtego ni wa "kuondoa paka wasumbufu". Kuwaondoa uwapeleke wapi? Ukiwatupa mbali, chakula na maficho vilivyowaleta vinabaki palepale, na paka wengine ambao hawajahasiwa wanahamia. Hao uliowatupa nao wako mahali wasipojua hata maji yalipo. Wabadilishe hayo maandishi.

Maandishi mengine ya kubadilisha: "unafaa pia kwa mbwa wadogo". Haufai. Mbwa wa mtaani anayeingia kwenye kimo cha sentimita 30 karibu kila mara ni mtoto wa mbwa, na mtoto wa mbwa unamwokota kwa mikono na taulo. Mbwa koko mwoga anahitaji mtego mkubwa zaidi wa aina yake, au mtu aliyekaa chini bila kumtazama machoni wiki kadhaa. Kazi ya mbwa hata hivyo ina hesabu yake: katika vifo vya watu vya kichaa cha mbwa, karibu 99 kati ya 100 chanzo ni mbwa, na Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Uhindi, kwa kanuni za 2001 na zilizofuata za 2023, mbwa wa mtaani aliyehasiwa na kuchanjwa hurudishwa pale alipochukuliwa. Kwa huo wingi wa mbwa hakuna mtu anayetegemea vizimba vya kimo cha goti.

Kuna jambo moja sitaki mtu alisome vibaya mtegoni. Ndani ya mtego kila paka ni mkali. Yule aliyezaliwa kwenye mtaro na yule aliyelala kitandani mwa mtu miaka sita, akapotea, wote wanatema mate na kurusha makucha vilevile. Usiamue hapo nani wa kurudishwa na nani wa kutafutiwa nyumba. Kituoni kwanza wanapitishiwa mashine ya kusomea chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi. Namba ya tarakimu 15 ikijitokeza, paka ana mtu wake na pengine mtu huyo bado analia. Asipokuwa nayo, anaachwa kwenye kizimba chenye sanduku la kujificha, siku mbili tatu. Wa mtaani halisi anabaki nyuma ya sanduku, hali chakula ukiwepo. Aliyewahi kuwa na watu siku ya pili anakupepesea macho polepole, ya tatu anasugua shavu kwenye wavu. Lile dume la chungwa nililolisema, lenye mashavu, ndilo lililosugua shavu. Lilihasiwa, likatibiwa sikio na minyoo, likachukuliwa na mama mmoja mwenye duka la vitambaa ninakonunua nyuzi. Sasa linalala juu ya robota za pamba na kumlazimu kila mteja aliyevaa nguo nyeusi kurudi nyumbani na manyoya.

Usafi ni sehemu ndogo lakini kuupuuza kunaua. Virusi vya homa kali ya kuhara ya paka, ndugu wa parvo ya mbwa, vinakaa kwenye chuma na sakafu kwa miezi, na vinawamaliza watoto kwa siku chache. Sabuni za harufu nzuri nyingi haziviwezi. Osha kwanza kwa sabuni na burashi hadi uchafu wote utoke, kisha klorini ya kufulia, sehemu moja kwa 32 za maji, iache imelowana dakika kumi, halafu suuza sana. Klorini ikibaki inakula zinki. Wetu umeanza kutoa kutu kwenye bawaba za mlango wa mbele tu, kwingine bado unang'aa.

Muuzaji, nimtendee haki. Mtego ulifika bila pini moja ya mlango wa nyuma, nikaandika, pini ikaja bila maswali. Nilipowauliza kuhusu uma walijibu kwamba wateja wengi hawauulizi. Wateja wengi hawajui kuwa upo, ndugu zangu.

Vipimo vya foronya, kwa mtego wa sentimita 82 kwa 30 kwa 30. Kitambaa kikuu kata 86 kwa 94, kinalala juu na kushuka pande zote mbili. Pindo ni sentimita mbili kila upande. Mapazia mawili, 34 kwa 34, yashonwe kwenye ukingo wa juu pekee, ubavuni yafungwe kwa tepe ili uweze kuyafungua kwa mkono mmoja. Katikati ya juu weka mpasuo wa sentimita 20 wa kupitishia mpini, uuzungushie utepe mara mbili, kwani ndipo panapochanika kwanza. Pamba nzito, rangi ya kiza, na uifue kabla ya kukata, la sivyo itapungua urefu ikifuliwa na chini kutabaki mwanga.